Milioni Moja na Moja

Mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani hapigi kelele akikasirika. Sauti yake hushuka, chaki ndiyo inayolia. Huandika kwa kukandamiza mpaka vumbi limfike viwikoni, kisha huufuta ubao kwa kiganja kana kwamba umemtukana. Siku mkaguzi wa mitihani alipomwekea mwanafunzi wa mwalimu huyo kosa kwenye swali la namba tasa, kosa la kumnyima binti wa watu nafasi ya kuendelea na masomo, nilichungulia dirishani nikaona mishipa ya shingo imemtoka mwalimu. "Kitabu cha majibu kinasema 1,000,001 ni namba tasa," alisema mkaguzi. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe." "Binti kaigawanya kwa mia na moja," akajibu mwalimu, taratibu, "akapata elfu tisa mia tisa na moja, bila baki. Shika chaki, bwana mkubwa, uzidishe." Mkaguzi akazidisha, jasho likimtiririka. Ikatoka milioni moja na moja, kamili. Akakung'uta mikono. "Sawa, lakini sisi tunasahihisha kwa kitabu." Mwalimu akaenda kusimama mlangoni, akauziba, akamnyooshea chaki nyingine. "Basi zidisha tena," akasema, "mpaka ikubaliane na kitabu chako."