Kichwa cha Ondieki na Tumbo Lake

Ondieki, Mkisii na Msabato, ndiye aliyeendesha mashine ya kusaga mahindi pale soko la Kosele. Ilianza kunguruma saa moja asubuhi. Ilipofika saa nne kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga, naye alimeza tembe mbili za maumivu kwa chai ya rangi. Jumamosi mashine ilizimwa na kichwa hakikumuuma. Alimshukuru Mungu wa Sabato.

Mwaka wa tatu wa kazi hiyo, 1994, tumbo likaanza kumchoma. Akanunua vidonge vya kupunguza asidi mjini Homa Bay. Moto ukazimika. Aliendelea na dawa zote mbili miezi minane, kisha akaanza kuhara. Alipotoka mbio kwenda chooni, wateja waliisimamia mashine kwa zamu. Mkewe Edinah, aliyekula naye sahani moja, hakuhara. Ndiye aliyempeleka zahanati kwa muuguzi Milka.

“Unakula nini ambacho mama huyu hali?” Milka aliuliza.

“Dawa tu, sista.”

“Hebu nione.” Alizigeuzageuza. “Hizi za kichwa zimekukwaruza tumbo. Hizi nyingine zimezima asidi, na asidi ndiyo huua vijidudu vya kwenye chakula. Sasa vinapita tu, vinaenda kusumbua bakteria wazuri waliomo matumboni.”

“Kuna wazuri?”

“Wengi. Wanasaidia kusaga chakula.”

Ondieki aliwafikiria. “Basi nimewaharibia kazi,” akasema.

“Jumamosi kichwa kinauma?”

“Hapana. Ni Sabato.”

“Na mashine inawashwa?”

“Hapana.”

Milka hakubishana naye. Alichukua dawa zote, akampa pamba ya kuziba masikio, akamwambia anywe maji yaliyochemshwa na maziwa lala yaliyoganda, ili bakteria wazuri warudi.

Wiki ya kwanza kichwa kilimuuma sana, na kiungulia kikarudi kwa hasira. Edinah alimchemshia uji, akakaa naye. Kufikia wiki ya nne kichwa na tumbo vilikuwa vimetulia, na Ondieki alikula maharagwe bila woga.

Shida ilikuwa kwamba, kwa ile pamba masikioni, hakusikia mtu tena. Wateja walizoea kumwonyesha kwa vidole: laini au chenga. Kwa miaka, kwa Usabato wake, alikuwa amekataa katakata kusaga kimea cha pombe. Sasa bibi mmoja wa Ndhiwa akaja na debe zima, akamweleza kwa sauti kuwa ni cha busaa ya matanga ya shemeji yake.

Ondieki aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akamsagia laini.