Goti Lisiguse Ardhi

Mama mkwe wangu aliacha kula nyumbani kwangu kwa sababu ya goti. Si goti lake. Lake ni zima, na kwa umri wake bado analima mahindi hapa Bisibo na kuwafokea ng'ombe kwa sauti inayofika barabarani. Goti lenye makosa lilikuwa langu, la kulia, lililovunjika siku bodaboda iliponibwaga kwenye changarawe nikitoka Nyakanazi.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Mimi mwalimu mgeni nilipenda boga la Kisukuma, na ua lake lilinipokea likiwa limeketi kwenye kigoda, likingoja nipige magoti. Kwetu Bukiriro wanawake tunakumbatiana, tunashikana mikono mpaka viwikoni, tunaulizana habari za watu na mifugo tukiwa wima. Hapa mke wa mwana anashuka. Magoti yote mawili chini, macho chini, ndipo shikamoo itoke. Hata chakula anakikabidhi kutoka huko huko chini. Nilijifunza haraka, maana najua mwanafunzi mbishi anavyochosha.

Kisha ikaja ile ajali na plasta yake. Ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe na goti halikunjiki. Nikampelekea mama mkwe chai nikiwa nimesimama, nikamweleza kwa nini. Akaitazama chai, akanitazama mimi, akasema ameshiba. Kesho yake pia ameshiba. Mwanamke anayemaliza ugali na maziwa mgando bila msaada wa mtu akawa ameshiba wiki baada ya wiki, na kwa majirani akasema mwalimu ameanza kujisikia. Iliniuma sana. Mama yangu yuko mbali; hapa nilikuwa na huyu tu, na nyumba ambamo mama wa mume hanywi hata maji, watu huipita wakinong'ona.

Hospitalini nilimkuta mama wa mazoezi ya viungo, mkali kuliko mimi na chaki yangu. Alinisimamisha wima, akanipa dambeli, vile vyuma vya kunyanyua, moja kila mkono, mikono ikining'inia kando. Rudisha mguu mmoja nyuma, hatua ndefu. Shuka taratibu. Kifua juu, macho mbele, goti la mbele lisiingie ndani. La nyuma likaribie ardhi, lisiiguse. Sasa sukuma kwa kisigino cha mbele, urudi ulikotoka.

"Mimi nataka kupiga magoti tu," nilimwambia.

"Utapiga. Lakini pitia hapa kwanza. Ukikimbilia chini, utabaki huko huko."

Mume wangu hakuona sababu ya kusafiri mpaka Mwanza kutafuta vyuma. Alichukua makopo ya rangi, akayajaza saruji, akayaunganisha mawili mawili kwa vipande vya bomba. Dambeli ya kulia ilitoka nzito kuliko ya kushoto. Nilipolalamika, alinijibu kwamba hata ng'ombe wa jembe hawalingani nguvu na shamba linalimwa.

Nikaanza mazoezi uani, asubuhi kabla ya kwenda shule, nimejifunga kitenge kirefu mpaka kwenye vifundo, kwa sababu miguu ya mke wa mwana haionyeshwi ovyo. Nyumba ya mama mkwe inatazama uani hapo hapo. Siku moja alifungua mlango wakati mguu wangu uko nyuma na mimi nashuka, nikiwa nimemwelekea yeye kabisa.

"Marahaba," alisema, kabla sijamwamkia.

Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimebana pumzi. Nikapanda, nikabadilisha mguu, nikashuka tena.

"Marahaba," alisema, safari hii bila tabasamu. Nilipopanda bila goti kugusa chini, akaja mpaka katikati ya ua.

"Wewe mwalimu. Unanisalimia nusu?"

"Mayu, haya ni mazoezi," nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma chao.

"Na macho umenikodolea. Na kifua umetunisha. Na hiyo mizigo, unakwenda safali?"

Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Kila kosa alilolitaja ndilo nililokuwa nimelipatia. Kwa mama wa hospitali nilikuwa mfano wa kuigwa. Kwa mama mkwe nilikuwa mtovu wa adabu, tena mwenye silaha za saruji mikononi. Kadiri nilivyofanya vizuri ndivyo nilivyomtukana vizuri.

Ningeweza kugeukia jikoni. Lakini na mimi nina kichwa kigumu, na ua ni wangu pia. Niliendelea pale pale, na yeye akawa anatoa kigoda chake kila asubuhi kuja kuangalia anavyotukanwa. Baada ya muda akaanza kutoa maoni. Leo umeyumba. Leo umechelewa kuanza. Wakaguzi wa shule hawajawahi kunikagua namna ile. Chai nilimpelekea, na bado alikuwa ameshiba.

Jumamosi moja alirudi kutoka shambani jua likiwa kali, akajitupa kwenye kigoda, midomo imekauka. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikateka maji mtungini, kikombe kimoja kimejaa, nikasema moyoni liwalo na liwe.

Nilishuka vibaya. Goti liliingia ndani, mgongo ukapinda, kifua kikaanguka, mama wa hospitali angenifukuza. Nilitazama chini kwa maumivu, wala si kwa heshima. Goti likapiga ardhi, maji yakammwagikia miguuni, na shikamoo yangu ikatoka kama mtu anayegombana. Kitenge kilikuwa kimepanda. Mguu ulikuwa nje, mwembamba, na kovu lake, unatetemeka na mimi siwezi kuuzuia.

Hakuitikia. Aliutazama ule mguu, kisha akanishika bega, kwa nguvu, kama anazuia kitu kisianguke.

"Kumbe ulikuwa huwezi," alisema.

"Nilikwambia!" Hasira zilinipanda na machozi juu yake. "Nilikwambia tangu siku ya kwanza, mayu."

"Kusema kila mtu anasema."

Akachukua kikombe mikononi mwangu. Yalikuwa yamebaki maji ya funda moja tu. Akayanywa, akajifuta mdomo kwa kanga, akanirudishia kikombe.

"Haya ni kidogo," alisema. "Kaniongezee. Na urudi umesimama."