Usifungue Drumu: Maisha Yangu Katika Idara ya Moshi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa kaptula. Nawaambia mapema, wadogo zangu, msije mkarudia historia. Ilikuwa asubuhi ya Agosti kule Kalimoni, ile baridi ya Julai ikiwa bado imekataa kwenda kwao, na mimi nimesimama mbele ya bosi wangu wa kwanza, Mkurugenzi wa Kuni, ambaye nje ya kazi ni Shosho, mama yake baba. Alinitazama magoti.

"Wewe, hizo magoti unapelekea nani?"

"Nimekuja kazi, Shosho."

"Kazi ya kugonjeka? Ingia uvae suruali ya guka yako."

Marehemu guka, mume wa Shosho, alikuwa mtu mpana. Nilianza utumishi wangu nikishikilia suruali kwa mkono mmoja na shoka kwa mwingine.

Idara ya Kuni ndiyo chekechea ya kazi hii. Tulipasua visiki vya kahawa iliyong'olewa shambani, kwa sababu mti wa kahawa unawaka taratibu na moshi wake hauchomi koo. Tukavipanga juu ya fito jikoni, vikauke kwa joto la mafiga. Shosho alinifundisha kugonganisha vipande viwili karibu na sikio: kikavu kinalia kama sahani, chenye unyevu kinanyamaza kama mwanafunzi aliyeulizwa hesabu. Kuni mbichi wakati wa baridi, alisema, inakula moto badala ya moto kuila.

Likizo iliyofuata nikapandishwa cheo na kuhamishiwa makao makuu, Ruiru, chini ya Mkuu wa Moto. Huyo ni Anko Kamau, kaka mkubwa wa baba, fundi wa kuchomelea vyuma. Drumu aliitengeneza mwenyewe: pipa la mafuta lililolazwa juu ya miguu minne, kifuniko chenye bawaba, kisanduku cha moto ubavuni, na upande wa pili bomba la kutolea moshi. Nyama haikai juu ya moto hata kidogo. Joto na moshi vinatoka kisandukuni, vinapita juu ya nyama bila haraka, vinatoka kwa bomba. Mtu wa kuchoma anaweza kuwa na haraka zake. Wa drumu, hapana.

Kwenye joto la Januari hata nyinyi mnaweza kuendesha drumu. Agosti ndiyo mtihani. Chuma kinanyonywa joto na kila upepo unaopita, kwa hivyo Anko alisimamisha mabati upande upepo unakotoka, na mgongo wa pipa akauvisha magunia yaliyopakwa tope. Ndani, chini kabisa, alipanga mawe ya kujengea, yapate moto mapema na kutunza joto, moto wenyewe ukisinzia. Sufuria ya maji inayozuia nyama isikauke ilijazwa maji yanayochemka, si ya mfereji. Kipande cha kuni kinachofuata kilikaa juu ya kisanduku, kipate joto kabla zamu yake haijafika. Na bomba halizibwi kamwe, hata ukiona moto unapungua, maana moshi uliofungiwa unaifanya nyama iwe chungu kama dawa ya minyoo.

Lakini amri kubwa kuliko zote ilikuwa moja. Mtu akigusa tu kifuniko, Anko alinguruma, "Funga! Ukifungua unapasha Ruiru yote joto, na Ruiru haijakuomba!"

Sasa, Agosti iliyopita kifua cha Anko kilikataa. Daktari alimkataza moshi na baridi, yaani alimkataza maisha yake. Na mwezi huo huo ndio ulikuwa wa ruracio ya Wambui, binti yake wa pekee. Tangu Wambui akiwa mdogo, Anko alikuwa amemwahidi kwamba siku wakwe wakija kuleta mahari, watakula kutoka kwa drumu yake. Dada yake Anko, shangazi yetu Tata Njeri, alikuwa na mipango mingine.

"Kamau, kweli kijana wa shule ndiye atapikia wakwe? Saa sita ikifika na hiyo nyama iko baridi, mimi napigia yule mpishi wa Wendani."

Basi siku ya ruracio nikapakia mapaja ya mbuzi, nikafunga. Anko alikaa dirishani, kajifunga blanketi la Wambui la waridi lenye paka, akiniamuru kupitia kioo. Kiganja juu: ongeza kuni. Ngumi: funga.

Shida ni desturi zetu. Kwetu mtu akiingia boma lenye nyama motoni, anasalimia watu, halafu anasalimia nyama. Anainua kifuniko, anasema "Hii imekubali", anapewa kipande aonje. Kumkatalia ni tusi. Jirani wa kwanza alisalimia, wa pili akasalimia, dirishani ngumi zikipanda na kushuka.

Kisha Tata Njeri akaja kubariki. Aliinua kifuniko mpaka mwisho, akafumba macho.

"Baba, tunaleta mbele zako mapaja haya…"

Aliombea mbuzi. Akaombea Wambui, wakwe, barabara watakayopitia na dereva wao. Akaombea kifua cha Anko, ambaye wakati huo alikuwa na ngumi zote mbili hewani. Lakini wewe ungefunga kifuniko katikati ya maombi? Manyunyu yakaingia, joto likatoka, likaenda zake Ruiru. Amina ilipofika nilidondosha tone la maji juu ya chuma. Kawaida linaruka na kupotea. Hilo lilikaa pale likinitazama.

Tata akagusa nyama. "Ona, imelala. Napiga simu."

Nilipotazama dirishani, Anko hakuwapo. Alikuwa mlangoni anavaa gambuti huku akikohoa, Wambui akimvuta blanketi.

"Baba, rudi ndani!"

"Nilisema nitawalisha mimi."

"Anko," nikasema, "ukitoka hapo utaongea na wakwe kwa ishara. Kaa. Nipe muda kidogo tu."

"Na ukishindwa?" Tata akauliza.

"Utaniombea na mimi, Tata. Lakini kifuniko kikiwa chini."

Nilikimbia jikoni. Nikachota makaa mekundu chini ya chai ya wageni, nikabeba maji yake yaliyokuwa yanachemka, nikachukua visiki vya Shosho nilivyokuja navyo kutoka Kalimoni, vilivyokuwa vimelala kando ya mafiga. Makaa na visiki vikaingia kisandukuni, maji sufuriani, kifuniko chini. Chai ikachelewa, nikatukanwa kwa Kikuyu safi. Kisha nikapeleka jiko dogo mpaka getini, nikaweka juu yake mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, nikamteua Tata Njeri kuwa Waziri wa Salamu.

"Yeyote anayeingia, Tata, asalimie nyama hapa. Aonje, umwombee. Hapa omba mpaka uchoke."

Alinitazama sana. Halafu simu ikarudi mfukoni. Hajawahi kukataa cheo.

Hakuna mgeni aliyefika kwa drumu tena. Saa sita ikikaribia, nikadondosha tone lingine. Likaruka. Nikainua kidole gumba kuelekea dirishani, na Anko akakaa chini polepole.

Wakwe walikula wakanyamaza, na nyinyi mnajua wakwe walivyo na maneno.

Ninastaafu nikiwa kidato cha nne, kwa heshima zote na bila unyusi mmoja ulioliwa na moto, ambao unarudi. Mwaka huu ni mtihani, kwa hivyo drumu ni yenu. Gonganisheni kuni, vaeni suruali ndefu, na mkubwa akitaka kuomba, mpelekeni getini.

Jioni ya siku ile, wageni wakiwa wameondoka na kijua kimechungulia, moto ulikuwa umekufa na moshi umeisha. Anko alitoka nje na blanketi lake la paka. Akaweka kiganja juu ya kifuniko. Bado kilikuwa na joto. Akakiinua mwenyewe, akachungulia mifupa iliyobaki ndani, akabaki amesimama pale, joto likimpanda kifuani.

Nilinyoosha mkono kufunga.

"Wacha," akasema. "Leo Ruiru nayo ipate."