Mdukuzi Aliyeitwa Kibonge Wangu

Mimi ni mtaalamu wa usalama wa mitandao isiyo na waya, na juzi nilijiaibisha hapa Tangini, Kibaha. Katikati ya kikao cha sera ya faragha, kompyuta yangu ilionyesha Wi-Fi ngeni iitwayo "Kibonge Wangu".

"Ndugu wajumbe, tunadukuliwa!" nikapaza sauti.

Nikazunguka ukumbini na kompyuta. Kila nilikokwenda, mawimbi yalikuwa makali. Nikamfuata mama mpishi aliyekuwa akituandalia chai pembeni.

"Shikamoo mama. Naomba simu yako."

"Marahaba, baba." Akanipa kitochi kisichojua hata intaneti.

Mwenyekiti akaagiza tuzime simu mojamoja. Nilipozima yangu, ambayo mke wangu ndiye aliyeniwekea kila kitu, Kibonge akatoweka.

"Hebu iwashe," akasema mwenyekiti.

Nikaiwasha. Kibonge akarudi, na wajumbe wote wakalitazama tumbo langu.