Sauti Iliyokwama Maskati

Mwanangu, iko siku moja nnaikumbuka kila nikimwona kijana anaandika jina la faili kwa mbwembwe. Nilikuwa na umri wako. Hapa Mji Mkongwe nilikuwa na kompyuta yenye mfumo wake mbali, si ule waliokuwa nao wenzangu, na kwa hilo nilijiona bwana mkubwa.

Mama yangu mkubwa, Bi Mwanaidi wa Matemwe, alikuwa mgonjwa. Bintiye Salma aliolewa Maskati bila ya ridhaa ya mama yake, na ulikuwa mwaka wa pili hawasemezani. Siku hiyo aliniita nimrekodi. Akasema amemsamehe mwanawe, na radhi amempa.

"Mpelekee," akaniambia. "Usimwambie kilichomo, nataka asikie kwangu. Akishasikia atapiga simu mwenyewe."

Kwetu mzee hatajwi kwa jina kavu, nami nikaona hata faili lake lisiwe kavu. Basi nikalipamba jina: nukta mbili hapa, nyota huku na huku, alama ya kuuliza mwishoni. Nikalitia kwenye flashi, nikampa msafiri.

Salma akanipigia. "Kaka, jina nnaliona, lakini kila nikibonyeza linakataa."

"Kompyuta yako mbovu hiyo," nikamjibu. "Kwangu linafunguka." Nikaona yamekwisha.

Huku Matemwe, kila nikenda, Bi Mwanaidi ananiuliza, "Hajapiga?" Nnamwambia bado, wala simwambii kuwa faili limekataa kufunguka. Anageukia ukutani. Alidhani mwanawe amemsikia na amemkataa. Hilo, mwanangu, linanichoma mpaka leo.

Wiki zikapita ndipo nikenda mtaa wa Amani kwa Maalim Haji, aliyenifunza kompyuta. Akalitazama lile jina, akatikisa kichwa.

"Alama hizi mfumo wako unazikubali, wa mwenzio unazikataa. Ulijaribu kulifungua kwenye kompyuta ya mtu mwengine?"

"Sikujaribu, Maalim."

"Ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Wewe umemwambia mwenzio kipofu."

Nikalibadilisha jina pale pale, herufi na tarakimu tupu. Kazi ya dakika moja. Nikamtumia Salma kwa barua pepe.

Siku ya pili yake simu ya Bi Mwanaidi ikalia. Niliipokea mimi. Alikuwa Salma, analia, anamtaka mama yake. Sisi ndiyo kwanza tumerudi makaburini kumzika.

Mdharau mwiba mguu huota tende, mwanangu. Ukimtumia mtu faili, lipe jina fupi, herufi na tarakimu, na madoido yaache. Kabla hujalituma, lijaribu kwenye kompyuta isiyo yako. Na mtu akikwambia halifunguki, usimjibu kwamba kwako linafunguka. Anayelingoja yuko kwake, si kwako.

Mwenyezi Mungu akujaalie maneno yako yawafikie unaowapenda wangali hai, na radhi za wazee wako uzisikie kwa masikio yako, nao wakusikie ukiitika. Amin.