Utamu Haupandi na Mvuke

Harufu ya karafuu ikipata moto huanza kwa ukali, kama inayokemea, kisha hutulia ikawa laini. Ndiyo iliyojaza ua wetu mjini Nizwa majira yale ya baridi, miaka ya tisini, nami nikiwa msichana mdogo. Bibi, mama yake mama, alizaliwa Pemba, ng'ambo ya bahari. Alipenda kutusimulia kinywaji alichokinywa harusini utotoni: maji meupe kama ya mvua, matamu, yenye karafuu, iliki na mdalasini, hayalevyi, lakini ukiyanywa utafumba macho. Hakuna mwingine aliyekikumbuka. Siku moja Ami Nasor, ndugu wa baba, akamtania mbele za wageni: "Bi Mkubwa, hicho umekinywa ndotoni!" Watu wakaangua kicheko. Bibi naye alicheka, lakini tangu siku ile hakutusimulia tena habari za Pemba. Ukimya ule ulimchoma mama. Akaazimia kukipika kinywaji hicho mwenyewe.

Jirani yetu Khala Salma, ambaye kwao ni mlimani wanakotengeneza marashi ya mawaridi, alituazima chungu chake cha shaba. Ukikiona kinavyofanya kazi mara moja tu utaelewa: viungo na maji huchemka chini, katikati huning'inizwa bakuli tupu, na juu hufunikwa kwa beseni la maji baridi. Mvuke hupanda, hukutana na ubaridi, hugeuka matone, hudondokea bakulini. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilibadilisha maji ya juu kila yalipopata uvuguvugu, nikichota kwenye falaji, mfereji wetu wa maji. Mama, kwa kuwa kinywaji kilikuwa kitamu, alimimina chunguni asali ya tende kutoka Manah, nzito na nyeusi, akachochea kuni.

Tulipofunua, nilishika mdomo. Kutoka kwenye weusi ule yalikuwa yametoka maji safi kama machozi! Mama akaonja, akakunja uso. Makali, yana moshi, na utamu hakuna hata chembe. Chini asali ilikuwa imeungua, imegandamana na chungu cha watu. Khala Salma alipokuja kukitazama alicheka mpaka akakaa chini. "Ya binti, sukari haipandi na mvuke! Kinachopanda ni roho ya kitu. Mwili hubaki chini."

Tukakisugua chungu kwa majivu na ndimu, tukaanza upya. Safari hii viungo vililowekwa usiku kucha, moto ukawa mdogo, na shira ya sukari nyeupe ikatiwa mwishoni, maji yalipokwisha poa. Ami Nasor alikuwapo Bibi alipopewa gilasi. Bibi akaonja, akafumba macho.

"Siyo hiki," alisema. Mama akainamisha kichwa. "Lakini ni ndugu yake. Mama yao mmoja." Kisha akamsogezea Ami gilasi. "Haya, Nasor, onja ndoto."

Ami alikunywa, akaomba tena. Jioni hiyo Pemba ilirudi nyumbani kwetu.

Leo ninatumia jiko la gesi na barafu ya friji. Kuni na falaji nimeviacha nyuma, na Bibi hayupo. Wanangu huniuliza kama hiki ndicho chenyewe. Nawaambia siyo, ni ndugu yake. Kisha naketi, nawasimulia kisiwa ambacho mimi mwenyewe sijakiona.