Mpira Unaopita Chini ya Kamba za Nguo

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu alisema herufi zangu zinafanana na kuku waliofukuzwa. Mkikuta neno nimeliendeleza vibaya, lirukeni tu.

Mimi ni mchezaji wa gofu wa kulipwa kutoka Huruma, mtaa wa watu wa kipato kidogo. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza, "Huruma gani?"

Gofu niliijua kwa kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo zao, lakini mazoezi niliyafanyia juu ya paa la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, penye kamba za kuanikia nguo za wapangaji wote. Niliegemeza godoro kuukuu ukutani, nikawa nalilenga kwa mipira iliyochakaa. Sheria ilikuwa moja: mpira ukigusa nguo, nafua nguo zote za kamba ile. Mama hakuniamini hata kidogo. Alikaa kando ya beseni lake akinichunga, na kila nilipoinua fimbo alipaza sauti, "Nguo!"

Basi nikazoea kupiga chini chini. Mpira wangu ulikimbia kama panya aliyeona paka. Wenzangu uwanjani walinicheka sana.

"Buda, mpira wako unaogopa kugonga ndege?"

Siku ya majaribio ya kuchagua wachezaji wa kulipwa, Mama alisema lazima aje. Nikamwomba jambo moja.

"Mama, kule mtu akipiga, wengine hunyamaza."

"Kwani nani amekufa?"

"Hakuna. Ni heshima tu."

"Haya. Nitatulia kama niko kanisani."

Hapo ndipo nilipoogopa kabisa, maana nimeshakaa naye kanisani.

Nilicheza vizuri hadi shimo la mwisho. Nilitakiwa kulimaliza kwa mapigo manne. Yakiwa matano, narudi kubeba mifuko. Pigo la kwanza likaniingiza mitini. Mbele yangu matawi yalikuwa yameinama karibu yaguse nyasi, na watu wote wakanyamaza wakinitazama. Huruma hakuna kimya kama kile. Kwetu kuna redio, watoto na fundi wa kuchomelea mageti. Tena mimi nina haya, hata dukani husimama pembeni hadi mwenye duka anione mwenyewe. Nikapangusa mikono kwenye suruali. Nikainua fimbo hivyo hivyo.

"Nguo!"

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini alikuwa amechelewa.

"Mama, tafadhali!" msimamizi akasema kwa ukali.

"Pole, baba. Ni mazoea."

Mikono yangu ilikuwa imeshatii. Mpira ulipita chini ya matawi bila kugusa jani, ukateleza kwenye nyasi fupi, ukasimama hatua chache kutoka shimoni. Nilibakiwa na mapigo mawili. Niliyatumia yote mawili, na nikapita.

Mama aliwatangazia wapangaji wote kwamba tumepita. Sasa mashindano yangu ya kwanza yanakaribia, na ameshanunua kofia. Akija, nahofia tutafukuzwa sote. Asipokuja, sijui nani ataniondolea kile kimya. Nyinyi mngefanyaje? Niandikieni, tafadhali. Ila herufi ziwe kubwa kidogo, kwa sababu hata kusoma nasoma polepole.